Uso wa Bwana Haraka

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Mjomba,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, na nalitanguliza kabla ya salamu ili nisije nikaliruka nikifika katikati. Bwana Haraka bado amesimama pale pale ulipomwacha. Tangu uondoke, nikitoka shule na kukuta nyumba tupu, naiwasha mashine ya gemu, naketi upande wangu wa mkeka, na sichezi. Namtazama tu. Anakuna shingo. Anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Anapuliza viganja kwa baridi. Kisigino wangu, aliyefungwa naye kwa kamba, huchoka akaketi kwenye theluji. Wako haketi. Nikisikia funguo za Mama mlangoni nazima upesi, nashika kitabu.

Sasa nimesema. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama kwa kutanguliza habari mbele ya salamu, kwa hiyo naomba tuanze upya.

Shikamoo, Mjomba. U hali gani huko? Kikohozi kile kimekuachia? Mama anasema sauti yako kwenye simu imekuwa nzito kama ya mtu aliyemeza pamba. Mimi nasema ni mtandao. Je, unalala vya kutosha? Unakula umeketi, au bado unakula wima kama mtu anayefukuzwa? Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa goti lake ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nimerefuka. Sketi ya shule imeteremshwa pindo mpaka pindo lenyewe limekwisha.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yetu ina wasikilizaji wengi. Ukipiga, Mama anaweka sauti ya wote, jirani aliyekuja kuazima chumvi anaingiza neno lake, na zamu yangu ikifika nasema, "Mzima, salama, ndiyo, asante," kama kasuku aliyefundwa adabu. Simu ikikatika ndipo maneno yote yanapokuja, yakinikuta sina pa kuyaweka.

Unakumbuka mara ile nilipojikaza nikakuuliza, "Mjomba, eti Bwana Haraka ana uso gani?" Nyuma yako nikasikia mashine za ghala zikinguruma na mtu akiita jina la mtu mwingine. "Bwana nani?" ukauliza. Halafu ukakumbuka, ukacheka: "Aaa, wa kwenye gemu! We bado uko na hiyo gemu tu? Soma, mjomba wangu, soma." Sikukasirika. Ulikuwa umetoka zamu na ulikuwa umechoka. Lakini nilipomrudishia Mama simu nilikwenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kusuguliwa.

Kwa kuwa ulisahau, acha nikukumbushe, maana bila hivyo hutaelewa ninachokuomba.

Ni gemu ya wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja. Mmoja akiteleza, mwenzake anavutwa. Mmoja akigoma, wamegoma wote. Siku ya kwanza ilipowashwa hapa nyumbani ilituambia tujiumbie watu wetu. Mimi nilimaliza upesi: nywele fupi, buti kubwa, basi. Ukamwita Kisigino kwa sababu popote ulipokwenda alikuwa nyuma yako, na tangu siku hiyo ukaniita hivyo mimi pia. Wewe ulichukua jioni nzima. Ulinituma nikachemshe maji, ukanituma nikatazame kama mlango umefungwa, na niliporudi mtu wako alikuwa tayari, ametupa mgongo, kofia ya koti imemfunika mpaka puani. "Uso wake uko wapi?" nikauliza. "Utauona kileleni," ukajibu. "Wakifika juu wanavua kofia. Nimemchonga huyo, we ngoja tu!" Ukampa jina la Bwana Haraka kwa kuwa hapakuwa na mtu mzito kama yeye. Kwenye kila jabali alitanguliza matusi kabla ya mguu. Najua matusi yalikuwa yako, lakini mimi nilimhesabia yeye.

Tulifika chini ya jabali la mwisho wiki ile ulipopata safari. Ukaweka rimoti chini. "Tusimalize," ukasema. "Tukimaliza leo, kesho utaninunia. Mwache hapo hapo. Nikirudi tunapanda wote." Ukaniahidi kwamba utarudi kabla viatu vyangu vya shule havijanibana. Viatu vile siku hizi anavivaa mtoto wa jirani.

Sasa habari za kazi yangu. Ndiyo, nina kazi ya mikono, na ukiwa na muda soma taratibu.

Mama bado anapokea wateja kwa Fundi Meno, yule bwana wa meno ya bandia. Baadhi ya siku za shule naenda kumngoja huko, nafanya mazoezi yangu kwenye ncha ya meza, chini ya rafu ya taya za plasta. Zimejaa rafu nzima, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, zote zinacheka bila vichwa. Nikikosea hesabu naona kama zinanisema. Siku moja Fundi Meno alinikuta nimetafuna kalamu mpaka kati. "Binti, acha kula kalamu," akasema, "utaniletea kazi." Akanirushia kipande cha nta nyekundu ili vidole vipate cha kufanya. Nikakifinya huku nasoma historia. Niliposhusha macho nikaona nimetengeneza mgongo wa mtu aliyevaa kofia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutengeneza sanamu za watu wa gemu. Nawachonga kwa nta, kwa kisu chenye ncha ndogo kama ukucha wa mtoto. Mikono na miguu naichonga peke yake ili baadaye niiunge kwa pini za waya, igeuke. Kisha vyote navizika kwenye plasta. Plasta ikikauka tunaichemsha, nta inayeyuka inatoka, na ndani kunabaki shimo lenye umbo la mtu. Kwenye kazi yote, hapo ndipo ninapopapenda zaidi, ingawa sijamweleza Fundi. Ukichungulia humo unaona kila mkunjo wa koti, kila kidole, ila mtu mwenyewe hayupo. Huwa nachelewa kulijaza.

Baadaye tunalijaza kwa ule unga wa meno unaokorogwa na maji yake yenye harufu kali, tunafunga, tunapika. Fundi hunipa mabaki, na mabaki mengi ni ya fizi. Kwa hiyo watu wangu wote huzaliwa na rangi ya fizi kuanzia utosini. Nilimpeleka wa kwanza shuleni kabla sijampaka rangi, na mwenzangu wa dawati, ambaye tunamwita Spika kwa sababu ya sauti yake, alisimama juu ya kiti. "Hee! Njooni muone! Shujaa ana fizi mpaka magotini! Huyu akikasirika anakutafuna na mwili mzima!" Nilitamani sakafu inimeze. Lakini mapumziko yalipofika Spika alinifuata kwenye ngazi, akakaa mbali kidogo, akaniambia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Unaweza kunitengenezea wangu?"

Wake ni mpiganaji wa kwenye gemu ya simu. Nilimchonga vizuri, kwa vipimo sahihi. Spika akamgeuza huku na huku. "Misuli bado. Ongeza." Nikaongeza. "Bado, bwana. Huyu ni mpiganaji, si karani wa benki." Nikaongeza mpaka viwiko vikakataa kukunjika na mikono ikakataa kushuka, akabaki ameitanua kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Nikaona aibu kumpa. Spika alimpenda kupita kiasi. Anamwita Mbeba Ndoo na amemweka juu ya mkoba wake.

Tangu hapo watu wananijia, Mjomba. Watu ambao hawakuwa wakiijua sauti yangu. "Samahani, wangu naomba magoti yageuke." "Wangu ana mkia, utauweza?" Wananiletea rangi za kucha za dada zao, zile zilizobaki chini ya chupa, na hizo ndizo ninazopaka. Nyekundu ya kucha inafaa sana kwa joho. Silaha napaka ile yenye kumeta. Macho napaka kwa kijiti cha kuchokolea meno, na nikipaka macho sipumui.

Ndipo nikamtengeneza Bwana Haraka. Huyu sikuagizwa na mtu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo, naomba unisamehe kwa kujisifu. Koti limejikunja pale kamba inapobana kiuno. Soli ya buti la kushoto imelika upande, maana hivyo ndivyo anavyosimama. Mkono mmoja unakwenda shingoni kujikuna, na bega lake linazunguka kweli. Nikampeleka kwa Fundi Meno, naye akavaa miwani, akamsifia mgongo, akamsifia buti, akamgeuza.

"Huyu mbona yai?" akauliza.

Kwa kweli, chini ya kofia kulikuwa laini kabisa. Nikamwambia siujui uso wake.

"Huujui vipi? Si unasema ni mtu wako wa kila siku?"

"Namwona mgongo tu."

Alitaka kucheka, akaacha. "Binti, mimi sitengenezi meno ya mdomo nisiouona. Mteja atajitafuna shavu." Akamweka Bwana Haraka kwenye rafu pamoja na taya, akamwelekeza ukutani ili asiwatishe wazee.

Nilijaribu. Nilianza kwa kumpa uso wako. Nilichukua ile picha uliyopiga mbele ya nyumba, lakini umekinga jua kwa mkono na nusu ya uso iko gizani. Nikasema haidhuru, nusu nyingine naikumbuka. Nikabandika nta laini chini ya kofia, nikashika kisu. Mjomba, nakumbuka kabisa jinsi unavyocheka, hata lile jino linalotangulia, lakini sikuweza kukumbuka mdomo wako unavyokaa kabla hujacheka. Nilichonga, nikachonga, kila mara akatokea mtu ambaye angeweza kuwa mgeni wa jirani. Nikaufuta kwa kidole gumba.

Picha ya Bwana Haraka haipo popote pengine. Watu wa Spika na wenzake wako kila mahali, unawatafuta unawaona mbele, nyuma na ubavu. Wako uliumba mwenyewe. Uso wake uko ndani ya mashine yetu tu, chini ya kofia ile, na kofia havui mpaka kileleni.

Na mashine yenyewe, Mjomba, inakufa. Feni yake inalia kama mtu anayekwaruza chungu, na mara nyingine picha inaganda, Bwana Haraka anabaki ameinua mguu nusu. Niliipeleka kwa fundi wa simu, jirani yake Fundi Meno. Aliifungua, akapuliza vumbi likatujaa machoni, akatikisa kichwa kama daktari. "Hii inakata roho, dada. Kilichomo ndani siwezi kukitoa. Ikifa inakufa nacho. Kama kuna kitu unataka kumalizia, malizia."

Kwa hiyo nimekwama hapo. Nikipanda, nitauona uso, lakini nitakuwa nimemaliza bila wewe, na gemu ile hujihifadhi yenyewe. Ukishasogea hakuna kurudi pale mlipokuwa. Nisipopanda, siku moja nitabonyeza na skrini itabaki nyeusi, na Bwana Haraka atakuwa amekwenda na uso wake, nami nitakuwa nimetimiza ahadi kwa mtu asiyekuwepo. Nimesoma vitabu vingi ambamo watu huambiwa wangoje. Sijaona hata kimoja kinachosema wangoje mpaka lini.

Kuna na hili, nalo nalisema kwa adabu. Juzi Mama alikuwa anaongea nawe akiwa anaosha vyombo, akidhani nimelala mchana. Nilimsikia. "Wameongeza tena mkataba? Na umeshakubali? ... Basi mwambie mwenyewe, mimi siwezi. Ataniangalia tu na yale macho." Kisha akafungua maji kwa nguvu.

Hukuniambia, na umeshapiga simu tena tangu siku hiyo. Ulinisalimia, ukaniuliza masomo, ukasema huko kuna upepo. Mjomba, sikulaumu kwa kubaki. Najua hela ya dawa ya goti inatoka wapi, na najua sketi itakayofuata itatoka wapi. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nilipoandika methali hiyo kwenye insha mwalimu alinipa alama nzuri. Lakini methali yenyewe haisemi neno juu ya yule anayemngoja mtafutaji, kama naye anaruhusiwa kuchoka.

Ninachokuomba ni kimoja tu. Niambie mwenyewe. Niambie, "Kisigino, sirudi mwaka huu," hata kama wote wanasikia, hata kama jirani wa chumvi yupo. Nitasema "ndiyo, asante," kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini ujue nimesikia.

Ungekuwa hapa leo ungeona jinsi jua linavyoingia chumbani kwako mchana huu. Kitanda chako sasa tunakiwekea nguo zilizoanuliwa. Kuna mahali ukutani palipochubuka kwa kisogo chako, pale ulipokuwa ukiegemea unapocheza. Mama alipaka rangi ukuta wote mwezi uliopita, akafika hapo, akapazunguka.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi. Fundi Meno anakusalimu, anauliza kama lile gego bado linakusumbua au uliling'oa ugenini kwa watu wasiojua kazi. Jirani wa chumvi anakusalimu. Spika, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani umeisikia.

Mungu akutangulie kwenye zamu zako zote, akupe mgongo usiouma na usingizi usiokatika, na chakula cha kula ukiwa umeketi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata kwenye simu nisiposema,

Kisigino.

Nyongeza. Alhamisi, kabla ya kwenda shule.

Mjomba, bahasha sikuifunga Jumapili. Nilipomaliza kuandika niliwasha mashine nimtazame, na feni ililia sana hata sikumsikia Mama akiingia na ndoo ya vibanio vya nguo. Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kumbe ndicho unachoficha?" akasema. "Mimi nilidhani una mvulana."

Sikuwa na pa kukimbilia. Akatazama skrini. "Mbona mmoja kakaa na mmoja kasimama?"

Nikamwambia aliyesimama ni wako. Kisha nikamwambia yote, pamoja na ya fundi wa simu, pamoja na kwamba nilimsikia siku ile ya vyombo. Hakunigombeza. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye gauni, akakunja goti lake bovu kwa shida, akaketi upande wako wa mkeka. Akachukua rimoti yako.

"Nibonyeze wapi?"

"Mama, hujui kucheza."

"Na huyu ndugu yangu ndiye alikuwa anajua? Nibonyeze wapi?"

Nikamwonyesha pa kushika na pa kuachia. Akaiinua rimoti mpaka usawa wa kidevu, kama anataka kuinusa, na Bwana Haraka akapiga hatua ya kwanza tangu uondoke, moja kwa moja kwenye ukingo, akaanguka, akamvuta Kisigino, tukafa wote wawili.

"Amesukumwa!" Mama akasema.

"Hajasukumwa, Mama. Umemwangusha wewe."

"Rudisha."

Tulianguka mara nyingi. Picha iliganda mara mbili tukashika vichwa, ikaachia. Mama alikuwa akipanda na mwili wote. Bwana Haraka akinyoosha mkono, naye ananyoosha shingo. "Shika hapo, we gunia! Shika! Mikono hiyo ni ya kulia chakula tu?" Alimtukana kwa matusi ambayo miaka yote nilidhani umeyabuni wewe, kumbe ni ya ukoo. Nilicheka mpaka nikaachia kamba, tukafa tena kwa kosa langu. "Kisigino!" akaniita. Hajawahi kuniita hivyo.

Tukafika juu. Palikuwa na bendera na mawingu, na muziki ulioanza mapema kuliko picha. Kisigino akavua kofia. Bwana Haraka akavua kofia, akageuka.

Mjomba, hukuchonga kitu. Ni uso wa kwanza kabisa, ule ambao gemu inampa kila mtu asiyechagua. Hata nyusi hukuzigusa.

Tukautazama. "Jioni nzima ile alikuwa anafanya nini?" nikauliza.

"Alikuwa anachagua," Mama akasema. "Tangu mdogo yuko hivyo. Mpe vitu vingi achague, atavijaribu vyote, mwisho atakurudishia kile cha kwanza na kusema ndicho alichotaka." Akacheka, kisha akawa hacheki, na rimoti alikuwa bado ameishika. "Sasa tunakwenda wapi?"

"Imeisha, Mama. Hapo ndipo mwisho."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

Tukakaa mpaka majina ya waliotengeneza gemu yakaisha kupita. Kisha mimi mwenyewe nikaizima, na Mama akaniomba nimsaidie kusimama. Tangu hapo sijaiwasha. Sijui kama bado inawaka.

Jumatatu baada ya shule nilimtoa Bwana Haraka kwenye rafu. Uso ule wa gemu sikumwekea, unisamehe, maana si wa mtu yeyote. Nilimchongea kwa nta uso wa Mama alivyokuwa pale mkekani wakati wa jabali: mdomo wa chini umebanwa na meno, jicho moja limefinywa, kunyanzi moja juu ya pua. Sikuhitaji picha. Nilipomaliza kuupika na kuupaka rangi, Fundi Meno alimchukua, akamleta karibu na taa.

"Huyu mbona kama namjua?" akasema. Akageuka kumtazama Mama, aliyekuwa kaunta akimwambia mteja aketi, zamu yake haijafika. Akanirudishia.

Sasa, Mjomba, hakuna tena anayekungoja chini ya lile jabali. Ahadi ile nimeivunja mimi, kwa hiyo wewe huna deni nami. Ukiweza kurudi, rudi. Usipoweza, niambie mwenyewe, kama nilivyokuomba huko juu.

Asubuhi hii nimemvingirisha Bwana Haraka kwa fulana yako ya bluu iliyobaki kabatini, nikamlaza ndani ya kisanduku cha viatu, uso juu, nikaandika anwani yako. Mama ataupitisha mzigo posta akienda kazini. Halafu, kwa kuwa ilikuwa bado mapema, nimechukua kipande kipya cha nta na kuanza kumchonga Kisigino, nikianzia usoni.